Kwetu ni wapi? Kusoma majina ya mahali katika miandiko ya kale

Leo tunaelekea Markham, mji ulioko kaskazini ya Toronto nchini Kanada, ambako familia nyingi zina swali moja lililo jepesi kuuliza na gumu kujibu: kwetu ni wapi? Wanaliuliza wazao wa Wajerumani waliofika huko mwaka 1794, na wanaliuliza pia wazao wa watu waliotoka Mombasa, Kampala, Unguja na Dar es Salaam katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kwa wengi wao jibu limo katika neno moja tu, lililoandikwa kwa mkono na karani fulani katika cheti cha ubatizo, orodha ya abiria, daftari la sensa au hati ya shamba. Wino umefifia, karatasi imeliwa na mchwa, na herufi zenyewe si zile tulizofundishwa shuleni.

Neno hilo lisiposomwa sawasawa, huipeleka familia nzima kwa watu wasio wao. Chukueni mfano wa majina mawili: Mombasa na Mambasa. Mombasa ni bandari ya Kenya, inayojulikana na kila mtu. Mambasa ni mji ulio ndani ya msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Katika mwandiko wa kuunganisha herufi, tofauti ya o na a ni kijikia kidogo kilicho upande wa kulia, na kalamu iliyokauka wino inaweza kukiacha. Mtu aliyezaliwa Ituri anaweza kuandikwa kuwa ni wa pwani kwa kosa la kijikia hicho, na wajukuu zake wakatumia miaka wakitafuta jamaa Mombasa wasiwapate.

Wataalamu wa nyaraka wana kanuni inayoweza kufupishwa hivi: jina la mahali halisomwi kwa jicho peke yake. Husomwa kwa jicho, kwa sikio na kwa ramani, na vitatu hivyo havina budi kukubaliana. Katika makala hii tutaieleza kanuni hiyo kwa mifano ya Kanada na ya Afrika Mashariki, na mtaona kwamba nchi hizo mbili zilizo mbali zimekutana katika jambo hili kuliko tunavyodhani.

Tuanze na Markham yenyewe. Mji huu ulipata hadhi ya jiji mwaka 2012, na katika sensa ya mwaka 2021 ulikuwa na wakazi 338,503, zaidi ya nusu yao wakiwa wamezaliwa nje ya Kanada. Wenyeji wa asili walikuwapo katika ardhi hiyo tangu zamani. Walowezi wa Kizungu walianza kuja mwaka 1794, pale William Berczy, mchoraji na msanifu wa majengo, alipoziongoza familia za Kijerumani kutoka jimbo la New York hadi katika misitu iliyo kaskazini ya Ziwa Ontario. Familia hizo zilikuwa zimeandikishwa Ujerumani mwaka 1792 ili zikalime ardhi ya Genesee huko New York. Zikakosana na wenye ardhi hiyo, ndipo zikahamia katika himaya ya Waingereza. Berczy mwenyewe alizaliwa Ujerumani kwa jina la Johann Albrecht Ulrich Moll. Basi mtafiti wa nasaba za Markham huanza safari yake na kiongozi ambaye hata jina lake la kuzaliwa halikuwa lile linalojulikana.

Miaka michache baadaye walifika Wamennonite kutoka Pennsylvania, nao wakizungumza lahaja ya Kijerumani. Hapo ndipo matatizo ya majina ya mahali yalipozidi. Kijiji kilichokuja kuwa kitovu cha Markham kiliwahi kuitwa Reesorville, na kiliwahi pia kuitwa Mannheim. Mtu akisoma leo katika karatasi ya kale kwamba babu yake alikuwa mkazi wa Mannheim, fikira zake huruka moja kwa moja hadi mji mkubwa wa Mannheim ulio kando ya mto Rhine nchini Ujerumani. Kumbe huenda babu huyo hakuwahi kuvuka bahari. Aidha, kuna Mannheim nyingine katika eneo la Waterloo, magharibi ya Toronto. Na si mbali na hapo kulikuwa na mji ulioitwa Berlin, ambao mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ulibadilishwa jina na kuitwa Kitchener. Hati ya mwaka 1890 inayosema mtu alizaliwa Berlin inaweza kuwa inasema Ontario, wala si Ujerumani.

Toronto nayo haikusalimika. Kuanzia mwaka 1793 hadi 1834 iliitwa York, na wilaya yote iliyokuwa na Markham ndani yake ikaitwa York vilevile. Jimbo lenyewe liliitwa Kanada ya Juu hadi mwaka 1841, kisha likawa Kanada Magharibi, na mwaka 1867 likapewa jina la Ontario. Makarani waliyafupisha majina hayo kwa Kiingereza kuwa U.C. na C.W. Msomaji asiyejua historia hiyo huziona herufi hizo mbili akadhani ni jina la mtu au alama ya ofisi, akaziruka, na kwa kuziruka ameipoteza nchi nzima.

Sasa tuingie katika mwandiko wenyewe. Kwa nini herufi za zamani hutudanganya?

Sababu ya kwanza ni herufi ambazo hatuzitumii tena. Katika Kiingereza cha kuandikwa kwa mkono, hadi katikati ya karne ya 19, watu wengi walipoandika s mbili mfululizo, ile ya kwanza waliiandika ndefu, ikiteremka chini ya mstari kama f. Jirani na Markham kuna mfano ulio bora kabisa, nao ni Mississauga, jina la watu wa asili wa eneo hilo na vilevile la mji mkubwa ulio magharibi ya Toronto. Jina hilo lina s mbili mara mbili. Katika hati za kale huonekana kana kwamba limeandikwa Mifsifsauga, na wasomaji wageni hulinukuu hivyo hivyo.

Sababu ya pili inatuhusu sisi wasemaji wa lugha za Kibantu zaidi ya wengine. Katika mwandiko wa kuunganisha, herufi kadhaa zimejengwa kwa vijiti vifupi vilivyosimama: i ni kijiti kimoja, n na u ni viwili viwili, m ni vitatu. Lugha zetu zimejaa majina yaanzayo kwa Mu, Mw, Ny na Mi. Tazameni jina la Mumias, mji wa magharibi ya Kenya. Baada ya M kubwa huja u, m na i, yaani vijiti sita mfululizo. Karani aliyehesabu majina huko London au Ottawa bila ya kuujua mji huo anaweza kuvigawa vijiti sita hivyo viwili viwili, akasoma Munnas. Kinachomwokoa ni nukta ya i, na nukta hiyo mwandishi aliye mbioni huiweka mbali na kijiti chake, au huisahau kabisa. Kwa hiyo mbele ya neno la namna hii, kazi ya kwanza ni kuhesabu vijiti, kisha kujiuliza ni jina gani linaloweza kuzaliwa na hesabu hiyo.

Sababu ya tatu ndiyo inayoziunganisha Markham na Tanzania. Wajerumani hawakuandika kwa hati kama ya Waingereza. Walikuwa na mwandiko wao uitwao Kurrent, uliotumika kwa karne kadhaa na kufundishwa shuleni, wenyewe au aina zake za baadaye, hadi mwaka 1941. Mwandiko wa walowezi wa Berczy na ule wa maofisa waliotawala Afrika Mashariki ya Kijerumani ulikuwa wa ukoo mmoja. Anayejifunza kusoma barua ya mlowezi wa Markham amejifunza pia, bila kukusudia, kusoma sehemu kubwa ya hati za Dar es Salaam na Tabora za kabla ya mwaka 1918.

Katika Kurrent, herufi e ni vijiti viwili vilivyokaribiana, na jicho la leo huiona kama n. Herufi u huwekewa kipinde kidogo juu yake ili isichanganywe na n. Asiyelijua hilo hudhani ni alama ya kutilia mkazo. Herufi s ya katikati ya neno husimama ndefu, na h ina vitanzi vya juu na vya chini. Hata hivyo, maofisa wengi walikuwa na desturi moja inayotusaidia: maandishi ya kawaida waliyaandika kwa Kurrent, lakini majina ya kigeni, yakiwemo ya miji ya Kiafrika, mara nyingi waliyaandika kwa herufi za Kilatini. Msomaji anaweza kuona ukurasa mzima usiosomeka, na katikati yake neno moja limesimama wazi kabisa: Tabora.

Ugumu unaobaki ni wa tahajia, na hapa ndipo sikio linapohitajika. Mjerumani aliandika alichosikia kwa kanuni za lugha yake. Herufi j kwake ni y, kwa hiyo Bagamoyo ikawa Bagamojo. Sauti ya sh aliiandika kwa herufi tatu, sch, ndipo Moshi ikawa Moschi na Shirati ikawa Schirati. Sauti ya ch ilihitaji herufi nne, na kisiwa cha Chole, jirani na Mafia, kikaandikwa Tschole. Herufi s inapotangulia irabu husomwa kwa Kijerumani kama z. Ndiyo maana Mwanza iliandikwa Muansa na Zanzibar ikaandikwa Sansibar. Na alipotaka kuonyesha kwamba sauti ni s kamili, wala si z, aliiandika mara mbili: Ssongea, Kilossa. Wareno walikuwa wamefanya vivyo hivyo karne nyingi kabla, wakaiandika Kilwa Quiloa na Malindi Melinde. Waandishi wa Kifaransa na wa Kibelgiji waliweka ou mahali pa u, wakaandika Oujiji pale ambapo Mjerumani aliandika Udjidji. Mji ni ule ule wa Ujiji, na mwenye sikio la Kiswahili akiyasoma maneno hayo mawili kwa sauti, kila moja kwa matamshi ya lugha ya aliyeliandika, atalitambua mara moja.

Yapo pia majina ambayo sikio haliwezi kuyasaidia, kwa sababu hayakuwa ya wenyeji. Wilhelmstal ni Lushoto ya leo. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg, kwenye Ziwa Tanganyika, ni Kasanga. Katika Ziwa Nyasa, Wiedhafen ni Manda na Sphinxhafen ni Liuli. Tuseme familia iliyoko Markham inagundua katika karatasi za babu yao, aliyekuwa mwalimu au askari, kwamba alizaliwa Neu-Langenburg. Wakitafuta katika ramani ya Ujerumani, wataukuta mji wa Langenburg, na wataanza kujenga hadithi isiyokuwapo. Na Bismarckburg ni hatari zaidi, kwani Wajerumani walikuwa na kituo kingine chenye jina hilo hilo nchini Togo. Jina peke yake halitoshi. Lazima lifuatane na wilaya, koloni na mwaka.

Wasikilizaji wetu wa pwani bila shaka wanajiuliza: je, hati zetu wenyewe? Kabla ya Kiswahili kuandikwa kwa herufi za Kilatini, na kwa muda mrefu baada ya hapo, watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu. Barua za biashara, hati za mashamba, wakfu na hati za kuachwa huru kwa watumwa ziliandikwa hivyo, na nyingi zimehifadhiwa Zanzibar. Ni hazina kubwa kwa anayetafuta ukoo wake, lakini ina mitego yake.

Alfabeti ya Kiarabu haina p, v, ch wala g kama zetu, na ina alama za irabu tatu ilhali Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wengine waliongeza herufi za Kiajemi. Wengine walitumia tu zile zilizokaribia. Kwa hiyo Pangani inaweza kuonekana kama Bangani, na Pate kama Bate. Katika baadhi ya hati, m au n inayotangulia konsonanti nyingine haikuandikwa kabisa, hivyo msomaji wa Tumbatu anaona Tubatu. Zaidi ya hayo, herufi b, t, th, n na y zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno zina umbo moja, na hutofautishwa kwa nukta tu. Mwandishi akiharakisha akaziacha nukta, neno la Tanga linaweza kusomwa Banga, Nanga au Yanga. Hapo jicho limekwisha kazi yake. Inabaki kuuliza: waraka huu unazungumzia bandari gani, jirani na shamba la nani, na mashahidi walikuwa watu wa wapi?

Vilevile, waandishi wa Kiarabu walikuwa na majina yao ya mahali. Pemba waliiita al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani. Mombasa iliandikwa Manbasa tangu siku za Ibn Battuta, aliyeizuru pwani yetu katika karne ya 14, huku wenyeji wenyewe wakiiita Mvita, kama wenyeji wa Lamu wanavyosema Amu. Na mara nyingine mahali hujificha ndani ya jina la mtu. Al-Barawi ni mtu ambaye asili yake ni Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Al-Barwani ni kabila la Waarabu wa Oman. Katika mwandiko wa haraka majina haya mawili yanakaribiana sana, na anayeyachanganya huihamisha familia kutoka pwani ya Somalia hadi ng'ambo ya bahari kwa sababu ya herufi moja ya nun.

Tugeukie sasa kundi jingine linalopatikana kwa wingi katika eneo la Toronto, nalo ni familia za Waasia wa Afrika Mashariki. Mwezi Agosti mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Kanada ilipokea maelfu kati yao, zaidi ya 4,000 wakisafirishwa kwa ndege maalumu kabla ya mwaka huo kumalizika. Wengi waliondoka na sanduku tu. Vyeti, barua na madaftari ya duka yalibaki nyuma, na leo wajukuu wanajaribu kuiunganisha nasaba kwa karatasi chache zilizookolewa na kwa zile zilizoko katika hifadhi za serikali.

Kwao hao njia inapita Afrika Mashariki hadi Gujarat na Kutch. Katika hati za Waingereza za karne ya 19, Kutch imeandikwa Cutch, Porbandar imeandikwa Poorbunder, na Nawanagar, ambayo leo ni Jamnagar, imeandikwa Nowanuggur. Siri yake ni rahisi: Waingereza wa zama hizo waliandika oo kwa sauti ya u, na u kwa sauti ya a fupi, kabla ya tahajia iliyonyooka zaidi kuenea katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Anayeijua kanuni hiyo moja anaweza kufungua makumi ya majina. Lakini ajihadhari na orodha za abiria: neno Bombay lililoandikwa mbele ya jina la msafiri huenda ni bandari aliyopandia meli, wala si kwao. Hali kadhalika neno Zanzibar, ambalo liliweza kumaanisha mji, kisiwa, au dola nzima ya Sultani.

Hapa ndipo ramani inapochukua nafasi yake, tena ramani ya mwaka unaohusika. Mipaka ya Afrika Mashariki ilihama hata pale watu walipotulia. Hadi mwaka 1902, nchi iliyo kati ya Naivasha na Kisumu ilihesabiwa kuwa ni mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kisumu mwaka 1901 anaweza kuandikwa kihalali kabisa kuwa amezaliwa Uganda, na Kisumu yenyewe huenda ikaitwa Port Florence, jina lililopewa kituo cha mwisho cha reli. Reli hiyo nayo iliitwa Reli ya Uganda, ingawa ilijengwa kuanzia Mombasa na karibu njia yake yote ya awali imo Kenya. Familia inayosema babu alifanya kazi kwenye reli ya Uganda haisemi uongo, lakini kumtafuta huyo babu Kampala ni kupoteza wakati. Vivyo hivyo, ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, na mtu wa Lamu angeweza kuandikwa kuwa raia wa Zanzibar bila ya kuwahi kukikanyaga kisiwa hicho.

Je, mwenye karatasi ya namna hii mkononi afanye nini?

Kwanza, alinakili neno kama lilivyo, herufi kwa herufi, na pale asipoona aache nafasi. Asilisahihishe. Anayeandika Mombasa kwa sababu anaijua Mombasa amekwisha kuamua kabla ya kusoma.

Pili, ajenge alfabeti ya karani huyo huyo. Atafute katika ukurasa huo maneno yasiyo na shaka, kama vile majina ya miezi, namba, au miji mashuhuri, kisha aone karani anaandikaje a, o, n, u na herufi kubwa K, R na M. Kila mkono una tabia zake, na mkono mmoja hauzibadilishi tabia hizo ovyo ndani ya ukurasa mmoja. Ndiyo maana kurasa zilizotangulia na zinazofuata zina thamani kuliko kioo cha kukuzia.

Tatu, ajiulize karani alikuwa mtu wa lugha gani, na alisikia jina hilo kutoka kwa nani. Kisha alisome kwa sauti, tena mbele ya wazee. Bibi asiyejua kusoma Kijerumani anaweza kuitambua Mpwapwa pale mjukuu anapomsomea Mpapua.

Nne, atafute ramani na kamusi za mahali za zama hizo. Kwa Tanganyika, Rwanda na Burundi za Wajerumani ipo atlasi kubwa ya makoloni iliyochorwa chini ya Paul Sprigade na Max Moisel, na ipo kamusi ya makoloni iliyohaririwa na Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa koloni hilo, iliyochapishwa mwaka 1920 katika majuzuu matatu. Hati zenyewe ziko katika Idara ya Nyaraka ya Tanzania, katika hifadhi ya Zanzibar, katika hifadhi ya Kenya jijini Nairobi na katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani iliyoko Berlin. Kwa Kanada, kuna hifadhi ya taifa mjini Ottawa na hifadhi ya jimbo la Ontario jijini Toronto.

Tano, asiridhike na hati moja. Jina lililosomwa kwa shaka katika cheti cha ndoa linaweza kuandikwa wazi katika kaburi, katika hati ya ubatizo wa ndugu, au katika barua ya bahasha iliyopigwa mhuri wa posta. Hati mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti zikikubaliana, hapo mtu anaweza kusema amejua.

Siku hizi kompyuta nazo zimeingia kazini. Programu kama Transkribus, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, hufundishwa kuusoma mwandiko wa kale, ukiwemo Kurrent, na husoma maelfu ya kurasa ambazo mwanadamu asingezimaliza. Ni msaada mkubwa. Lakini mashine iliyojifunza kwa vitabu vya Ulaya huelekea kuona majina ya Ulaya, na faharisi zilizo katika intaneti zimetayarishwa mara nyingi na watu wasiozijua nchi zetu. Anayetafuta Mumias na asiipate, aitafute pia Munnas.

Wapenzi wasikilizaji, yapo majina ambayo hata kwa bidii yote hii hayatafikisha mtu kijijini. Mwaka 1875, Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza lilianzisha makazi ya Frere Town jirani na Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Katika hati za watu kama hao, wakiwemo watoto walionyakuliwa wakiwa wadogo mno, mahali pa asili huandikwa mara nyingi kwa neno moja tu: Nyassa, Yao, Makua. Karani aliuliza kwa mkalimani, na mtoto akajibu kwa alichokikumbuka. Maneno hayo si vijiji; ni ziwa, au ni watu. Mzao anayelisoma neno hilo leo, awe Kisauni au Markham, asilazimishe liwe kijiji kwa kuchagua katika ramani jina linalolifanana. Aliandike kama lilivyo, kisha aongeze mwaka, jina la hati na mahali ilipohifadhiwa, ili atakayekuja baadaye na hati nyingine aweze kuendelea pale alipoishia. Kijiji kilichobuniwa humfungia njia huyo anayekuja, naye hatajua kwamba amefungiwa.

Hii ndiyo sababu wataalamu husisitiza kuandika kiwango cha uhakika kando ya kila jina: hili nimelisoma, hili nimelikisia, hili sikuliona. Maneno matatu hayo yataiepusha familia na ugomvi wa miaka mingi kuhusu makaburi, mashamba na undugu.

Na kwa wale ambao wazee wao bado wako hai, kuna kazi moja ambayo haihitaji hifadhi wala kompyuta. Waulizeni majina ya mahali, na muyaandike kwa herufi zilizo wazi: kijiji, mto ulio jirani, kata, wilaya, na jina lile ambalo wenyeji hulitumia ijapokuwa halimo katika ramani. Ongezeni mwaka. Miaka 100 ijayo, mtu fulani aliye mbali na nyumbani ataishika karatasi hiyo, na yeye atakuwa akiwasoma ninyi.